Mama, Hukujipaka Mukorogo

Mama,

Jana tumekuwekea msalaba. Ni wa simenti, umepakwa rangi nyeupe, na jina lako limeandikwa lote bila kosa kwa sababu nilimsimamia fundi mpaka akamaliza. Padri alibariki, watu wakala wali na maharage, wakanywa fanta, wakaniambia "ihangane", pole, mmoja mmoja, wakarudi kwao. Lakini kabla hawajarudi nilisimama mbele yao nikasema jambo ambalo Papa, mume wako, aliniomba nisiliseme. Habari za Gisenyi hazina mlango. Huenda hata huko uliko zimeshafika, tena zimetiwa chumvi. Ndiyo maana nakuandikia leo, ulisikie kwangu, tangu mwanzo wake.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kinyarwanda ulikiweka kwa ajili ya Mungu na wageni. Mimi ulinigombeza kwa Kiswahili cha Goma, ukanibembeleza kwa hicho hicho, na sijui kukulilia kwa lugha nyingine.

Siko sawa, Mama. Nisikudanganye. Kazini hotelini nampa mgeni ufunguo, namwambia karibu, nacheka, na ndani hamna kitu. Asubuhi bado nachemsha maji yako ya kuoga, yale ya moto ambayo mtu mwingine angeungua nayo na wewe ukisema bado ni baridi. Nikishtuka nayamwaga uani. Siku nyingine nayaacha kwanza yapoe ndipo nayamwaga, sijui kwa nini. Watu wanasema muda unaponya. Muda huo upite kwangu basi, maana sijauona.

Unayajua waliyokuwa wakiyasema juu yako. Ulijifanya husikii, lakini masikio yako hayakuwa na shida yoyote. Walisema unajipaka mukorogo. Kila mwaka uso wako ulizidi kuwa mweupe, weupe usio na damu, kama mshumaa, na katika mji huu ambapo krem za kuchubua zinavuka mpaka zimefichwa ndani ya vitenge, nani angekuamini ukisema hujipaki kitu? Kule ufukweni ulikokuwa ukiuzia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, walikuwa wakikuzunguka na kukucheka: "Mama Solange, we unajipakaka nini? Tuambie na sisi jina ya ile krem!" Ulicheka nao, kicheko chako kile kilichochelewa, kilichofika wenzako wameshanyamaza. Siku moja mpakani ulipekuliwa mpaka chini ya kapu, wakitafuta krem kwa sababu ya uso wako tu. Walikuta sambaza. Nyusi zako zilipopukutika ukaanza kuzichora kwa kalamu, nao wakasema, si mnaona, anajipamba.

Wakasema pia u mvivu. Jua la saa sita, wewe umevaa sweta na kitenge juu yake, umelala juu ya magunia na samaki wako wanaliwa na inzi. Mteja anauliza bei, unamtazama kana kwamba ameuliza habari za mwaka juzi. Sauti yako ilikuwa nzito na ya polepole, na watoto wa mtaa waliiga. Niliwahi kumpiga mmoja wao kwa kiatu. Sikukuambia.

Na Papa, yeye alikuwa na neno lake. Papa alisema ulikwenda kituo cha afya kwa siri ukachomwa sindano ya kuzuia uzazi ili usimzalie tena. Nilikuwa darasa la tatu alipobeba begi kwenda kwa yule mama wa Goma. Alisimama mlangoni akasema, "Bibi hanitake, kuzaa hatake, mi nikae hapa nafanya nini?" Wewe ulikuwa kwenye kigoda, unavuta mikono ya sweta ifunike vidole. Nilitaka upige kelele, umtupie sufuria, ufanye lolote. Ulisema tu, "Solange, funga mulango, baridi inaingia."

Sasa nitakuambia kwa nini baridi ilikuwa inaingia.

Ule mwanzo nimeusikia kwa Mama Zawadi, jirani yetu na mwenzako wa sambaza, ambaye alikuwepo. Anasema siku ya kunizaa damu ilitoka "kama mutu amemwanga ndoo." Wanaume wa mtaa walikuweka kwenye ingobyi, kile kitanda cha kubebea wagonjwa mabegani, wakakimbia nawe bondeni mpaka barabarani. Hospitali walikuongezea damu za watu. Ulirudi. Watu wakamshukuru Mungu, na wanawake wakaja kukupongeza na vyungu vya igikoma, uji wa mtama wa mzazi, kama ilivyo desturi yetu ili maziwa yashuke. Ulikunywa. Maziwa hayakuja. Wakaleta igikoma kingine. "Kunywa, itakuya." Ulikunywa mpaka ukatapika, na kifua chako kilikuwa kimelala kama cha msichana. Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu kwetu mwanamke asiye na maziwa haulizwi, anafichiwa aibu. Anaongezewa uji.

Mama Zawadi alikuwa amejifungua Zawadi wiki hizo hizo. Alinichukua, akaniweka upande wa pili. Mimi nimekua kwa maziwa yake, na yeye hajawahi hata siku moja kunitajia kama fadhila.

Mengine nimeyasikia kwako mwenyewe, kwenye kile chumba cha hospitali. Sijui kama unakumbuka. Ulipelekwa pale kwa homa tu na kutapika, homa ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nayo kabla yako nikanywa dawa nikapona. Wewe ulilala usiamke. Presha ilikuwa chini kabisa, sukari ya damu chini, mikono ya barafu. Daktari kijana alikutazama sana. Alikugeuza viganja, akakuinua mkono akatazama kwapani, akatazama nyusi. Halafu akaniuliza, "Huyu mama, alipokuzaa, alikunyonyesha?"

Nilimkasirikia. Mama yangu anakufa, na wewe unauliza habari za maziwa ya zamani hivyo? Nikamjibu kwa jeuri kwamba nilinyonya kwa jirani. Hakukasirika. Alimwita muuguzi haraka, wakakutoa damu ya kupima kwanza, halafu wakakuchoma dawa kwenye mshipa.

Na mchana ule, Mama, uliamka.

Hapa ndipo ninapokwama kila nikitaka kumsimulia mtu. Uliamka, lakini hukuwa wewe ninayemjua. Uliuliza chakula. Wewe, ambaye nilikuwa nakubembeleza na kijiko! Ulitaka sambaza za kukaanga na ugali. Uliongea haraka. Ulimsema Mama Zawadi na deni lake la tambi mpaka muuguzi akacheka, ukaniuliza kuhusu yule kijana wa kazini ambaye nilidhani hukuwahi kunisikia nikimtaja. Daktari alipokuuliza kuhusu damu ya mwezi ulimjibu bila haya: tangu nimzae Solange sijaiona tena. Akauliza kwa nini hukusema popote. Ukasema, "Nilijua damu yangu yote ya maisha nilimaliza ile siku moja. Mutu anamalizaka, si ndiyo?" Ulisema hivyo kama mtu anayeeleza kwamba unga umekwisha debeni. Miaka yote hiyo uliibeba hesabu hiyo peke yako, ukaiona ni haki kwako, na hukumlalamikia mtu.

Nilikuwa na mama mchana mmoja. Yule aliyelala kwenye magunia alikuwa mama yangu na nilimpenda, usinielewe vibaya. Lakini yule wa mchana ule, mwepesi wa maneno, mwenye njaa, mwenye utani, ndiye aliyekuwepo kabla yangu. Kesho yake mapafu yalijaa, na dawa iliyokuwa imefika kwa kuchelewa ikashindwa. Ulikufa nikiwa nimeshika mguu wako, kwa sababu kwenye mikono palikuwa na mipira ya dripu.

Majibu ya damu yalirudi tumeshakuzika. Daktari aliniita, akanikalisha, akachora kichwa cha mtu kwenye karatasi. Sitajifanya nimeelewa yote, lakini nakupa kama nilivyoyapata.

Kuna tezi, Mama, chini ya ubongo, nyuma ya macho. Ni ndogo kama harage, siyo yale makubwa ya soko la Mahoko, yale madogo unayoyatupa ukichambua. Imekaa kwenye shimo lake la mfupa. Kazi yake ni kutuma maagizo. Haina mrija wala mfereji, inadondosha maji yake ndani ya damu, na damu inayapeleka mwili mzima mpaka yamkute aliyekuwa akiyangoja. Maji hayo ndiyo homoni. Nyingine inaiendea tezi ya shingoni, ile inayovimba kwa wagonjwa wa rovu, kuiambia itengeneze homoni yake yenye kuupa mwili joto na wepesi. Nyingine inakwenda kwa tezi mbili zilizokalia figo, zinazotupa nguvu ya kuamka, ya kula, ya kushindana na ugonjwa. Nyingine inakwenda kwenye mfuko wa mayai ya mwanamke, na nyingine kifuani kuagiza maziwa. Nazo tezi za chini zikishatoa vya kutosha, ile ya kichwani inasikia kwenye damu hiyo hiyo kwamba vimetosha, inapunguza sauti. Vikipungua inaita tena. Mchana kutwa ni kuita na kuitikia.

Nilipomsikia niliwaza mitumbwi ya sambaza, ile mitatu inayofungwa pamoja, na yule anayewaimbisha. Anatoa sauti, wenzake wanaitikia na kupiga kasia. Ukimnyamazisha yeye, wenzake hawajapoteza mikono. Wanakaa tu.

Mwanamke akiwa na mimba tezi hiyo inanenepa, inataka damu nyingi kuliko siku nyingine. Halafu siku ya kunizaa damu yako ikamwagika yote chini. Tezi ikakosa, ikafa njaa mle kwenye shimo lake la mfupa, wakati watu wanakimbia nawe bondeni. Wewe ukapona, yenyewe haikupona. Daktari alisema neno ambalo silisahau: "Tezi zake nyingine zote zilikuwa nzima. Zilikuwa zinangoja kuambiwa."

Zilikuwa zinangoja kuambiwa, Mama. Maziwa yalikuwa yanangoja. Igikoma hakikuwa na la kufanya pale. Mayai yako yalikuwepo, Papa alitukana bure. Hata kumtamani mume kunaagizwa kutoka huko huko, na agizo halikutoka. Tezi ya shingo ilipopoa ndipo ukawa unatetemeka juani, ndipo sauti ikawa nzito, ndipo ukalala. Na ule weupe! Rangi ya ngozi nayo inapata sehemu yake ya maagizo kutoka kwa harage lile lile. Likifa, ngozi inafifia. Hukujipaka kitu. Ulikuwa unafifia mbele yetu sote, na sisi tukauliza jina la krem.

Homa ilipokuja, ile ndogo, mwili wa mtu mwenye afya ungeziamsha tezi za juu ya figo zitoe mara kadhaa ya kawaida yake. Wako haukuwa na wa kuziamsha. Ndivyo mtu anavyokufa kwa ugonjwa ambao binti yake amepona kwa vidonge vya kawaida.

Nilimwuliza daktari kama kuna dawa. Najuta kuuliza. Kuna vidonge, Mama, vidogo, vya kumeza asubuhi, maisha yote. Vinachukua nafasi ya kile ambacho tezi haziambiwi kutengeneza. Vipo hapa hapa mjini. Nilikwenda famasi nikaomba nivione tu. Yule dada akaniwekea mezani, nikavishika, vyepesi, havina uzito wowote. Akaniuliza ni vya nani. Nikavirudisha, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za duka la watu nikalia mpaka mwenye duka akaniletea maji. Mchana ule wa hospitali ungekuwa maisha yako yote. Sina pa kulipeleka hilo. Nikiligeuza huku linachoma, nikiligeuza kule linachoma.

Kwa hiyo nikasema, angalau jina lake lisafishwe. Ndicho kitu kimoja kilichobaki cha kukufanyia. Siku ya msalaba watu wote watakuwepo, wauza sambaza, wanawake wa kanisa, mtaa. Papa ndiye mume, ataongea, na aseme ukweli mbele yao. Nilimtumia ujumbe akavuka mpaka akaja, tukakaa ukingoni mwa ziwa. Amezeeka. Nilimweleza yote, kuanzia harage. Alisikiliza ametazama maji, halafu akasema, "Donc, hakukuwa ananikataa." Akaanza kulia. Alilia kama mtu aliyetuliwa mzigo, na mimi nikamtazama nikiona wivu, maana mzigo wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba maneno yangu yalitosha kuutua.

Alipofuta macho ndipo akafikiri. Akanishika mkono. Akasema, "Solange, sikia. Ile maneno usiiseme mbele ya batu. Batauliza ile damu ilitoka akizaa nani. Akizaa we. Batasema mutoto alikula mama yake. Bawache baseme mukorogo. Mama yako amekwisha kufa, maneno haimuume tena. We uko ungali na kuishi nao. Hata hujaolewa."

Nilikasirika sana. Lakini nilipotafuta kosa kwenye maneno yake sikuliona. Papa aliyekuacha alikuwa ananilinda mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na alitaka kunilinda kwa kukuacha wewe tena. Niliondoka bila kumwahidi kitu.

Kuanzia siku hiyo sikulala vizuri. Niliwaza kwamba ukweli una pande mbili na mimi nilikuwa nimesoma upande mmoja. Kumbe kukutoa wewe kwenye midomo ya watu ni kuingia mimi. Na zaidi ya midomo ya watu, Mama, kuna hili: hata kama hakuna mtu angejua, mimi najua. Daktari aliniambia mtoto hana hatia kuzaliwa. Ni kweli. Hata jua halina hatia, lakini linaunguza.

Jana basi. Papa alisimama na kofia mkononi, akasema, "Alikuwa mwanamuke mupole. Mungu amulaze pema." Akakaa. Basi, hayo tu. Nilikuwa nimejiambia kwamba labda nitanyamaza. Nilikuwa nimeshika trei ya fanta nikipita nyuma ya wanawake wa ufukweni, na mmoja wao akamwambia mwenzake, kwa huruma kabisa, bila ubaya wowote, "Alikuwaka mutu muzuri, isipokuwa ile mukorogo." Nikaiweka trei chini.

Sikusema vizuri, Mama. Nilitaka kupanga maneno, yakatoka yenyewe. Nilisema mama yangu hakujipaka mukorogo hata siku moja. Hakuchomwa sindano. Hakuwa mvivu. Kuna tezi kichwani ndogo kama harage, ilikufa, na ndiyo iliyomnyima maziwa, na joto, na rangi, na watoto wengine, na mume. Nilisema mlimcheka mgonjwa. Hilo nililirudia, na sijutii. Mama Zawadi, aliyekuosha na kukuvika, ambaye aliona mwili wako umekosa nywele kama wa mtoto akanyamaza ili kukusitiri, alianza kulia kwa sauti kuliko siku ya mazishi.

Bibi mmoja mzee wa kanisani akainua fimbo. "Ni nani alimuroga?" Nikasema hakurogwa. "Bon, ilimupata wapi basi? Lini?" Ningeweza kusema ni malaria ya utotoni. Ningeweza kusema ulizaliwa nayo. Papa alikuwa ananitazama, anatikisa kichwa kidogo kidogo, hapana, hapana.

Nikasema, "Akinizaa mimi."

Kuna mtu alisema "yoo, disi," yaani maskini. Kisha niliona macho yao yakihama, Mama. Yalitoka kwenye msalaba wako yakaja kwangu, yote, na hayajarudi huko tangu hapo. Hakuna aliyeomba msamaha. Sikutegemea, lakini nadhani moyoni nilitegemea.

Leo asubuhi nilipita ufukweni. Neno mukorogo halikutajwa. Wameliacha, na hilo ulipokee, ni lako. Walinisalimia kwa upole mwingi, upole wa kumsalimia mtu mwenye ugonjwa. Msichana mmoja mwenye mimba alikuwa anachagua samaki, na mama yake akamvuta kitenge, akamhamisha upande wa pili ili nisipite karibu naye. Papa anawajua watu wake.

Haya, na hili la mwisho nimelipata saa hii. Zawadi, ndugu yangu wa maziwa, tumbo lake limeshuka, ni siku yoyote. Nilikuwa nimejiandaa kwenda kukaa naye. Mama Zawadi amekuja mwenyewe, hakutaka kuingia, amesimama kwenye mlango wa uzio anazungusha ncha ya kitenge. "Solange, mutoto wangu, usikasirike. Ungoje kwanza Zawadi azae. Si mi, ni batu banaogopa." Yeye aliyenipa upande wa pili. Nilimwambia sawa, Mama. Kwa nini nimlaumu? Amwache nani, mimi au binti yake?

Sijui nikuage vipi. Sitasema tutaonana, maana imani yangu siku hizi inakuja na kuondoka. Sitasema lala pema, umelala vya kutosha ukiwa hai. Nenda tu, Mama, ukiwa mwanamke ambaye hakujichubua, hakumkataa mume, na hakuwa mvivu. Nimeisema kweli hiyo, imesikika, haiwezi kurudishwa tena mdomoni.

Na nakuahidi hili. Zawadi akijifungua, nitakwenda hata kama sikuitwa. Nitasimama nje ya uzio na igikoma changu ambacho labda hakuna atakayekipokea, nami nitauliza kama alitoka damu nyingi, na kama maziwa yamekuja. Wasiponijibu nitauliza kwa sauti kubwa zaidi. Wakinifukuza nitauliza nikiwa barabarani, na nitawauliza wengine baada yake, kila mlango wa mzazi katika mtaa huu, wakiniogopa na wasiniogope, kwa sababu wewe hukuulizwa.

Mtoto wako, uliyenizaa kwa damu yako yote,

Solange